Mwanamke Aliyesemwa Kuchanganya Vichupa

Siku alipozikwa mama wa maabara kule kwao Kihanga, sisi tuliotoka upande wa Isingiro hatukujaza hata benchi moja. Alifanya kazi katika kituo chetu cha afya miaka mingi, waganga wakija na kuhamishwa, yeye yupo. Wanawake wengi wa vitongoji vyetu walipimwa naye. Hawakuja. Mmoja nilimkuta asubuhi ile akipalilia maharage kando ya njia, nikamwambia naelekea msibani. Hakuliweka hata jembe chini.

"Nikamzike aliyemuua mama yako?" alisema. "Nenda wewe, mwenye moyo."

Sikumjibu. Maneno huwa yananijia nikiwa nimeshafika mbele, mtu ameshabaki nyuma. Kwa hiyo naandika. Jina lake silitaji, wala la mama yangu, wala la kituo. Wanaomlaumu watamjua tu, na hao ndio ninaotaka wasome hadi mwisho. Wale waliostahili kusikia kabla yao wameshasikia kutoka mdomoni mwangu.

Alikuwa mwanamke mnene, mfupi, mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Nyumba aliyopanga ilipakana na shamba letu la migomba, kwa hiyo tangu utoto wangu nilimsikia kabla sijamwona. Alikuwa Mlutheri wa kukaa benchi la mbele, na Jumapili hiyo hiyo jioni ungemkuta anakunywa rubisi, pombe yetu ya ndizi, kwa mrija na mama yangu, aliyekuwa Mkatoliki, wakibishana ni kwaya ya kanisa lipi inayopiga kelele zaidi.

Mtu anayejua kila mtu ana nini mwilini hapati salamu ya kawaida. Watu walimsoma uso. Akimchekea mtu njiani, wanasema yule ni mzima. Akimpita mtu bila kumwona, na mara nyingi hakuona kwa sababu miwani ameisahau nyumbani, mtu yule siku hiyo hali chakula. Nasikia kuna mwanamume aliyegawa mbuzi wake kwa wanawe kwa sababu mama wa maabara alimwangalia kwa huruma kanisani. Kumbe alikuwa anaumwa jino.

Ndipo alipojiwekea desturi. Kila mtu, mkubwa kwa mdogo, alimsalimu kwa maneno yale yale na kwa sauti ile ile: "Waitu, za nyumbani? Kahawa imechanua?" Hata kama kahawa ilishavunwa na kuuzwa. Hata mchungaji. Hata mimi, mtoto, niliyetumwa kumpelekea maziwa. Watoto wa shule walikuwa wakimwigiza njiani, naye akiwasikia anawajibu, "Imechanua, wajinga nyie!"

Na majibu ya mtu hakuyatoa nje ya kituo. Siku ya gulio wanawake walimzunguka kwenye mafungu ya dagaa.

"Mama, vile vipimo vyangu?"

"Hapa mimi ni mnunuzi wa dagaa. Maabara imefungwa."

"Si unikonyeze tu!"

"Nikikukonyeza mume wako ataniletea mahari. Njoo kesho."

Ndani ya maabara alikuwa mtu mwingine. Hakuongea. Meza yake ilikuwa nyeupe, vitu vyote vimepangwa kama mezani kwa Bwana, na akivaa glovu hakumpa mtu mkono hata awe mkuu wa wilaya. Koti lake jeupe lililala pale pale kazini. Hakuwahi kutoka nalo nje, alisema limeshika magonjwa ya watu wengi mno. Nyumbani kwake, sasa. Sufuria zimeungua, funguo zimepotea, kuku wanalala kitandani. Mama yangu alikuwa akimwambia, "Jirani, virusi unavipata, kijiko chako kinakushinda?" Naye anacheka mpaka anashika mgomba.

Hivyo virusi vyenyewe alituonyesha siku moja. Tulikuwa jikoni tunachambua maharage, mama, yeye na mimi. Wakati huo mashine mpya ilikuwa imeletwa kituoni, ile ya kupima akina mama kirusi kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi. Mama akamuuliza, "Hicho kidudu unakionaje, na wewe unasema hata kwa hadubini hakionekani?"

Akachukua punje moja ya kahawa kutoka kwenye kikapu kilichokuwa ukutani, moja iliyoliwa na mdudu, akatuonyesha kitundu chake. "Kirusi hakikai nje," alisema. "Kinaingia ndani ya seli, kama mdudu huyu alivyoingia ndani ya punje. Mwili wa mtu ni seli tupu, kama gunia la kahawa lilivyo punje tupu. Ukilitazama gunia kwa nje ni kahawa nzuri, unampelekea mnunuzi. Sasa mimi nachukua punje chache, naziweka kwenye mashine. Mashine inazipasua zote. Kilichomo kinatoka. Halafu inapasha moto, inapoza, inapasha, inapoza, na kila mara kile cha kirusi kinazaa kingine kama chenyewe. Kimoja kinakuwa viwili, viwili vinakuwa vinne. Mwisho vinakuwa vingi mpaka taa ya mashine inaviona."

"Na kama kirusi hakimo?"

"Hakuna cha kuzaa. Taa haioni kitu. Nakwambia nenda nyumbani ukalime."

Mama akapepeta ungo wake kidogo. Akauliza tena, "Na kama hata hizo punje zenyewe hazimo? Mtu akileta kijiti kitupu?"

Mama wa maabara akacheka hadi machozi. "Wapo! Mama mzima anaingia mle chumbani na kijiti, anaona haya, anakichovya kwenye maji ya bomba, anatoka nacho kifua mbele. Mashine haidanganyiki. Kabla ya kutafuta kirusi inatafuta mtu kwanza. Isipokuta seli za mtu hainipi jibu, inasema rudia. Nimeshawaita watatu. Nyuso zao!"

Mama naye alicheka, macho yakiwa kwenye maharage.

Kipimo chenyewe mama alijipima mwenyewe. Mwanamke anapewa kijiti chenye brashi laini na kichupa chenye maji ya dawa, anaingia chumba kidogo peke yake, anakiingiza kijiti kule anakozalia mtoto, anakigeuza taratibu, anakitumbukiza kwenye kichupa. Kisha anakikabidhi kichupa dirishani. Mama wa maabara ndiye aliyeomba iwe hivyo. Alisema wanawake wetu hawatakubali kulala kitandani wamepanua miguu mbele ya kijana wa chuo, kwa hiyo wapewe kijiti, wajifungie. Na kweli walikuja. Walikuja hadi wale wanaotoka kambi za vibarua, wanaozungumza Kirundi, ambao zamani hawakukanyaga kituoni ila kwa kujifungua.

Mama alipimwa, na jioni ile ile rafiki yake alivunja sheria yake mwenyewe. Hakusubiri kesho. Alipita katikati ya migomba akipiga vigelegele, akamshika mama mikono yote miwili. "Safi! Wewe ni punje nzima! Tutazeeka wote!" Sijawahi kumwona mtu mzima akifurahi namna ile kwa mwili usio wake. Mama alitabasamu, akaenda kumletea rubisi.

Msimu wa senene ulipokuja mara ya pili baada ya hapo, mama alianza kutoka damu.

Tulikwenda hospitali ya wilaya, tukapelekwa Bukoba, tukapelekwa Mwanza. Madaktari wa Mwanza walisema ni saratani ya mlango wa kizazi na imeshakwenda mbali, na kwamba kitu kama kile kinakaa mwilini miaka kabla ya kujionyesha. Dada yangu aliwauliza, mbona alipimwa akaambiwa ni mzima? Daktari alisema kama kipimo kilifanywa sawasawa, kirusi kingeonekana.

Tuliporudi na mama, mama wa maabara alikuja mbio amevaa koti jeupe. Lile koti. Nadhani hakujua kama amelivaa. Akakaa chini kwenye jamvi, miguu ameinyoosha kama mtoto.

"Jirani," alisema. "Siku ile kijiti ulikigeuza kama nilivyosema?"

Mama akasema, "Nilikigeuza."

"Ulikiingiza vizuri?"

"Vizuri."

Aliamini. Angeachaje kuamini? Na kwa kuwa aliamini, likabaki neno moja tu: kwamba jibu lile lilikuwa la mwanamke mwingine, na kwamba kosa ni la mikono yake. Na kama mama alipewa usafi wa mtu, basi yupo mtu aliyepewa kirusi cha mama. Mwanamke mmoja wa siku ile aliambiwa ana kirusi, akatibiwa kwa kuchomwa mlango wa kizazi. Mama wa maabara alikwenda kwake kwa miguu, kwa sababu pikipiki aliziogopa maisha yake yote, akamwambia usoni, "Naogopa nilichanganya vichupa. Huenda ulichomwa bure."

Hakuna aliyemtuma. Hakuna aliyekuwa amemshtaki bado. Alizunguka kwa wanawake wote wa siku ile, akawaita, akawapima upya kwa mkono wake, akarudia, na majibu yao hayakuonyesha mahali popote vichupa vilipobadilishana. Hilo halikumtuliza. Alisema kosa lipo, ila hajalipata. Kijiji chenyewe kilikuwa kimeshalipata, maana alilipeleka mwenyewe nyumba kwa nyumba. Wanawake waliacha kuja kupimwa. Kwenye gulio walimpisha kama mtu aliyebeba moto. Salamu yake ya kahawa ikawa haijibiwi, kisha yeye mwenyewe akaiacha. Akaomba astaafu mapema, akarudi Kihanga. Usiku wa kuhama hakuaga. Alituachia jogoo mlangoni, amefungwa miguu.

Mama alikaa nasi miezi mingine. Mimi ndiye niliyemwogesha na kumgeuza. Siku moja mchana nilikuwa nimemtoa nje, amelala juani juu ya majani ya migomba yaliyokauka, akaniambia nisogee.

"Sikukiingiza," alisema.

Nilidhani anaongea mambo ya homa.

"Kile kijiti. Niliposhika foleni nilimwona mkwe wangu dirishani."

Mkwe wake ni shemeji yangu, kijana wa Nyaishozi aliyemwoa dada yangu. Alikuwa mhudumu pale kituoni, na wiki ile walimpa kazi ya kupokea vichupa. Kwetu mama na mkwe wake wa kiume hawasogeleani. Shemeji akitokea kwenye njia, mama anaingia kwenye migomba, anajifunika kanga mpaka apite. Chakula hawajala chombo kimoja, mkono hawajapeana. Na mimi nilijua hayo kama ninavyojua njia ya kisimani, lakini sikuwa nimeyaweka pamoja na dirisha lile.

"Kitu kilichotoka kule nikimpe mkononi?" mama alisema. "Mkwe wangu? Na kutoka kwenye foleni siwezi, wanawake wangesema naogopa majibu. Nikaingia chumbani nikasimama. Nikakumbuka maji hayafai, mashine inatafuta mtu kwanza. Nikaona mdomoni pia ni mtu. Nikakisugua ndani ya shavu."

Alipumzika. Kuku walikuwa wanaparua karibu na kichwa chake, nikawafukuza.

"Nilisema nitakwenda siku nyingine, kimya kimya, yule kijana akiwa hayupo. Halafu jirani akaja na vile vigelegele. Nikashindwa kumwambia. Kila siku nikashindwa. Baadaye nikaanza kuamini mwenyewe kwamba mimi ni mzima, kwa jinsi alivyofurahi."

Nikamuuliza kama nimwambie shemeji. Akasema hapana. Dada? Hapana. "Na mama wa maabara?" Hapo alinitazama muda, kisha akafumba macho kwa sababu ya jua, au kwa sababu nyingine. Hakulizungumza tena mpaka alipofariki.

Tulimzika. Mama wa maabara alikuja, akasimama mbali kwenye mibuni, akaondoka kabla ya chakula. Watu walimwona. Mmoja alitema mate.

Nilivyo mimi, kwenda kwa mtu kumweleza jambo ni safari ndefu kuliko ile ya barabarani. Nilianza kwenda Kihanga, nikarudi. Nilipoenda kweli ilikuwa kiangazi, na nilimkuta uani kwake amepiga magoti, anageuza kahawa iliyoanikwa kwenye jamvi. Alikuwa amekonda. Lile shavu alilokuwa akilijaza kwa kicheko lilikuwa limeingia ndani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba binti yangu. Kaa kivulini. Umekula?"

Nilikaa juani karibu naye, nikaanza kugeuza kahawa na mimi, maana mikono ikiwa na kazi ninaongea vizuri zaidi.

"Mama alikipitisha mdomoni," nilisema.

"Nini?"

"Kile kijiti. Hakukiingiza. Alikisugua shavuni. Shemeji ndiye alikuwa dirishani anapokea."

Alijifuta kidole kwenye gauni, akakiingiza mdomoni, akakipitisha ndani ya shavu lake, akakitoa, akakitazama kwenye mwanga. Alikitazama kana kwamba ana hadubini machoni.

"Seli zinafanana," alisema. "Hata ningezipaka kwenye kioo nikaziangalia mwenyewe. Za hapa na za kule zinafanana sana. Ningesema hivyo hivyo. Safi." Kisha akaniuliza, polepole, "Lakini nani alimwambia kwamba mashine inatafuta mtu kwanza?"

Niliona anavyokumbuka. Lilimjia taratibu, jiko letu, ungo, maharage, na mimi nikiwa nimekaa pale pale nikiwasikiliza.

"Mawe! Mama yangu wee!" alisema. "Ni mimi. Na nilikuwa nacheka."

Alilia bila sauti, mwanamke yule mwenye sauti. Mikono yake iliendelea kugeuza kahawa. Nilingoja. Baadaye nikamwambia kile nilichokwenda kumwambia, kwamba nikirudi nitawaeleza watu wote kuwa hakuchanganya kitu, hata nikilazimika kusimama kanisani.

"Utawaeleza nini?" alisema. "Mama yako alifanya nini na kijiti? Wakacheke kisimani? Na shemeji yako asikie kwamba ni yeye aliyekuwa amesimama pale? Kijana hajakosa hata kitu kimoja. Ataishije na dada yako?"

"Lakini wanakusema, mama."

"Mimi wakinisema nipo. Nasikia, na nikitaka nawatukana. Yeye atawajibu na nini?" Alijifuta uso kwa mkono uliojaa vumbi la kahawa. "Mimi nikishazikwa, hapo sema. Na shemeji yako umwambie wewe mwenyewe kwanza, taratibu. Uanze na kumwambia hana kosa."

Aligeuza kahawa kidogo. Halafu akaacha kazi.

"Bado yupo dirishani?"

"Yupo."

"Mpaka leo?"

"Walimwachia kazi ile moja kwa moja. Wanasema ni mwangalifu."

Aliinuka ghafla hivi kwamba goti lake lilivuta jamvi, kahawa ikamwagika vumbini. "Basi wapo wengine," alisema. "Yule kijana ana shangazi wa mke wake, ana majirani, ana wake wa kaka zake. Na akikaa mwanamume mwingine pale, naye ana wakwe zake. Wapo wanaokaa nyumbani sasa hivi wanajiita wazima, na ni mimi niliyewaambia."

Aliingia ndani kutafuta simu. Nilimsikia akiangusha vitu. Akatoka nayo, akaishika mbali na uso kwa sababu ya macho, akampigia mganga mkuu wa kituo chetu.

"Baba, ni mimi. Ndiyo, wa maabara, wa zamani. Sikiliza. Vile vichupa vya akina mama visipokelewe na mtu tena. Dirisha lifungwe. Wekeni kikapu mle mle chumbani, mama akimaliza aweke mwenyewe, atoke. Na wa kukichukua awe mwanamke. Ndiyo. Na wote waliopitia pale dirishani waitwe tena, hata walioambiwa wazima. Hasa walioambiwa wazima."

Upande wa pili kulikuwa na maneno mengi. Niliisikia sauti ya mganga, ya mtu aliyechoshwa, ikiuliza kwa nini. Mama wa maabara akanigeukia. Nilifungua mdomo, sijui nilitaka kusema nini, naye akaniinulia kiganja ninyamaze.

"Sababu?" alisema kwenye simu. "Sababu si mnaijua? Vichupa vikipita mkono kwa mkono vinachanganyika. Mimi nilichanganya, mtu akafa. Msirudie."

Akakata simu, akapiga magoti, akaanza kuokota kahawa kutoka vumbini.